Umeme Unaochoka Njiani

Fundi wa redio wa Kalima akitaka kulehemu, haombi risasi kama fundi wa Dar es Salaam. Anaomba etain, neno la Kifaransa lenye maana ya bati. Na mji wake umezaliwa na neno hilohilo. Symétain, kampuni iliyoundwa mwaka 1932 kuchimba bati la Maniema, mashariki mwa Kongo, ndiyo iliyoufanya Kalima kuwa mji: ikajenga nyumba za wafanyakazi, ikaweka mtambo wa umeme kwenye maporomoko ya mto Lutshurukuru, ikavuta nyaya hadi machimboni. Mwaka 1976 ilimezwa na Sominki, na kuanzia mwaka 1997 mirathi ikaangukia Sakima. Majina yamebadilika, kasiterite, yaani mawe yenye bati, bado inachimbwa, sasa zaidi kwa koleo na karai kuliko kwa mashine. Karibu nusu ya bati linalotumika duniani huishia kwenye kulehemu vifaa vya elektroniki, na mkanda wa taa za LED ni mmoja wa vifaa hivyo. Kwa hiyo mkanda unapowasili Kalima kutoka China, umekunjwa kama utepe wa kanda ya zamani ndani ya kifuko cha nailoni, huenda una chembe za bati zilizotoka hapo hapo Kalima, zikazunguka dunia nzima na kurudi nyumbani.

Mikanda hiyo imeenea. Iko kwenye ukingo wa dari za sebule, imezunguka vioo vya saluni, inapamba kaunta za baa na madhabahu za makanisa. Sababu si urembo peke yake. Mkanda unakula umeme kidogo, unawaka kwa volti 12, na volti 12 ndizo zilizo ndani ya betri ya gari, ya pikipiki na ya mfumo mdogo wa jua. Katika mji ambao kuran, kama waitavyo umeme huko, haifiki kila nyumba wala haikai kila saa, taa inayokubali kufungwa moja kwa moja kwenye betri bila konvertisa, yaani inveta, ni jambo kubwa.

Lakini ni taa yenye sifa mbaya. Utasikia watu wakisema mikanda ya siku hizi ni feki: mwanzo wake unang'aa, mwisho wake unafifia kama mshumaa, baada ya miezi michache kipande kimoja kinazima, kingine kinapepesa. Ufeki upo, siukatai. Ila ukifuatilia kwa mita ya umeme mkononi, mara nyingi utakuta mkanda hauna kosa. Kosa liko kwenye waya unaouletea umeme, na zaidi ya hapo, kwenye kiungio kilichofanywa kwa kusokota na kubandika utepe mweusi. Hapo ndipo pesa ya mwenye nyumba inapopotelea, na hapo ndipo ningependa tukae.

Tuanze na mkanda wenyewe, tuuweke karibu na macho. Ni ukanda laini wa plastiki wenye upana wa milimita 8 au 10, umepakwa shaba nyembamba mno. Mistari miwili ya shaba inakimbia urefu wote, mmoja chanya na mmoja hasi. Katikati yake taa zimepangwa tatutatu, kila tatu zikiwa na kipingamizi chao, yaani kile kidude cheusi chenye namba ndogo mgongoni. Kila baada ya taa tatu kuna alama ya mkasi na vidoti vya shaba vilivyoandikwa 12V, + na −. Hapo ndipo pa kukata. Ukikata katikati ya tatu, zile zilizobaki hazitawaka, kwa sababu zinategemeana kama shanga za uzi mmoja.

Hesabu ya hizo tatu inaeleza karibu kila kitu. Taa moja nyeupe hutaka kama volti 3. Tatu kwa mfuatano zinataka 9. Volti 3 zinazobaki kati ya 12 zinamezwa na kipingamizi, na ni hizo 3 zinazoamua mkondo unaopita. Sasa umeme ukifika volti 10.5 badala ya 12, taa bado zinachukua 9 zake, kipingamizi kinabaki na 1.5, na mkondo unashuka nusu. Umepoteza sehemu moja tu kati ya nane za volti, ukapoteza nusu ya mwanga. Balbu ya zamani ya nyuzi haikuwa kali hivi. Kwa mkanda wa LED, volti moja inayopotea kwenye waya ni hasara inayoonekana kwa macho.

Na huko juu vilevile. Betri ya risasi inayochajiwa na paneli saa saba mchana hufika volti 14.4. Toa 9, kipingamizi kinapata 5.4, na mkondo unakaribia mara mbili ya ule uliokusudiwa. Mkanda unapata joto, gundi ya nyuma inaachia, taa zinazeeka kabla ya umri wake. Kiwanda kilichotengeneza mkanda huo kiliufikiria ukiwa umefungwa kwenye adapta inayotoa volti 12 zisizotikisika, katika nyumba yenye umeme wa ukutani. Hakikuifikiria betri ya Kalima, ambayo kwa siku moja inapanda hadi 14.4 na kushuka hadi chini ya 12. Wengine hudhani soketi ya taa iliyo kwenye rigulata ya sola huzinyoosha volti hizo. Kwa rigulata nyingi za bei ya kawaida sivyo: inapitisha zile zile za betri na kukata tu betri inapokaribia kuisha. Mwenye saluni anayewasha taa za kioo mchana kutwa huku paneli inachaji ndiye anayeua mikanda haraka kuliko wote. Dawa yake ni kifaa kidogo cha kunyoosha volti kiwekwe kati ya betri na mkanda. Mwenye sebule anayewasha usiku tu hana haja nacho, maana betri iliyopumzika ikiwa imejaa inasoma kama 12.7 na kuendelea kushuka taratibu.

Sasa waya. Chukua nyumba ya kawaida: betri iko chumbani, mkanda wa mita 5 uko sebuleni, na njia ya waya kupitia darini ni mita 8. Umeme huenda na kurudi, kwa hiyo waya unaohesabika ni mita 16. Mkanda wa taa ndogo, 60 kwa mita, unakula wati 4.8 kwa mita. Mita 5 ni wati 24, yaani ampea 2. Mkanda wa taa kubwa za namba 5050, pia 60 kwa mita, unakula wati 14.4 kwa mita. Mita 5 ni wati 72, yaani ampea 6. Tofauti hiyo ya ampea 2 na 6 haionekani dukani. Mikanda yote miwili imekunjwa kwenye gurudumu la namna moja, na muuzaji atakuambia hii ni ya mwanga mkali, basi.

Waya wa shaba wenye unene wa milimita moja ya mraba una ukinzani wa takriban omu 0.0175 kwa kila mita. Tukipiga hesabu kwa zile mita 16: waya wa 0.75, ule mwembamba wa spika, utakula volti 0.75 kwa mkanda mdogo. Si nzuri, inavumilika. Waya huohuo ukibeba ampea 6 za mkanda mkubwa utakula volti 2.2, na mkanda utabaki na mwanga wa kuonea aibu. Waya wa 1.5 utapoteza volti 1.1, wa 2.5 utapoteza 0.7, wa 4 utapoteza 0.42. Kwa hiyo kwa mkanda mdogo nunua 1.5 na usiwaze tena. Kwa mkubwa, 2.5 ndiyo mwanzo wa mazungumzo, na hata hiyo si ya kujivunia.

Mafundi wengi hapo hukimbilia waya mnene zaidi, na waya mnene ni ghali katika mji ambao kila kitu kimefika kwa ndege, kwa pikipiki au kwa reli inayoishia Kindu. Lakini kuna njia ambayo haigharimu hata faranga: sogeza betri. Betri ikitoka chumbani ikakaa nyuma ya ukuta wa sebule, njia ikawa mita 3 badala ya 8, waya wa 1.5 unafanya kazi iliyokuwa inadai wa 4. Waya mrefu uwe ule wa kutoka kwenye paneli, maana paneli ya kawaida ina volti za ziada inazoweza kupoteza bila kuumia. Mkanda hauna akiba hiyo.

Njia nyingine ni kupandisha volti. Wati 72 kwa volti 24 ni ampea 3 tu, na upotevu wa ampea 3 juu ya volti 24, ukiupima kwa asilimia, ni robo ya ule wa ampea 6 juu ya volti 12. Waya wa 1.5 unatosha kwa zile mita 8. Mwenye betri mbili za kuunganisha kwa mfuatano aulizie mkanda wa volti 24, ingawa madukani ni nadra kuliko wa 12. Na mwenye bahati ya umeme wa 220 afuate kanuni hiyohiyo kwa ukamilifu wake: adapta iwekwe pale pale mkanda unapoanzia, waya mrefu ubebe volti 220 na waya mfupi ubebe 12. Wati 72 kwa volti 220 ni theluthi moja tu ya ampea. Wahandisi wa Symétain walijua hilo walipotoa umeme Lutshurukuru, ndiyo maana umeme wa mabwawa husafiri juu ya nguzo kwa maelfu ya volti na kushushwa karibu na mtumiaji. Aliyeweka adapta chumbani na kuvuta volti 12 hadi sebuleni amejenga bwawa lake kinyumenyume.

Mkanda wenyewe nao ni waya, tena mbaya. Shaba ya mkanda wa bei nafuu huwa na unene wa mikromita 35 hivi. Hata mstari wake ukiwa na upana wa milimita 4, unapata milimita ya mraba 0.14, yaani mwembamba mara tano kuliko ule waya wa spika tuliokwisha kuulaumu. Ndiyo maana gurudumu lina mita 5, na ndiyo maana mwisho wa mkanda hufifia hata betri ikiwa imejaa. Kuunga mkanda wa pili kwenye mkia wa kwanza ili kuzunguka sebule nzima ni kosa linalofanywa kila siku: mita 5 za kwanza zinabeba mkondo wa mita 10. Kila mkanda upewe waya wake kutoka kwenye chanzo. Na kama mkanda ni mmoja, ulishe katikati badala ya mwishoni, au ulishe ncha zote mbili. Upotevu ndani ya mkanda unashuka hadi robo, si nusu, kwa sababu mkondo umegawanyika na njia nayo imefupika. Waya wa ziada wa mita mbili tatu unaleta mwanga zaidi kuliko kubadilisha mkanda.

Haya yote yanadhani kwamba waya ulioandikwa shaba ni shaba. Sokoni kuna waya wa alumini uliopakwa shaba juu, unauzwa kwa rangi nyekundu na nyeusi za kuvutia, na ukinzani wake unazidi wa shaba kwa zaidi ya nusu. Tena mwingine una unene uliojazwa plastiki. Usidanganywe na sumaku. Haikamati shaba wala alumini, na itakusaidia tu kama ndani kuna chuma. Kwaruza unyuzi mmoja kwa wembe: ukiona weupe chini ya wekundu, umeujua. Au shika mzigo wa waya mkononi, kwa maana alumini haifiki hata theluthi ya uzito wa shaba. Au choma ncha kwenye kiberiti cha gesi, alumini itajikunja na kuyeyuka kabla shaba haijatetereka. Ukilazimika kuununua huo, panda saizi mbili. Mimi ningependelea waya wa nyumba uliotumika, wa 1.5 au 2.5, uliotolewa kwenye jengo la zamani. Kalima haikosi majengo ya zamani, na shaba iliyovutwa enzi za kampuni haikuchakachuliwa.

Waya huo wa zamani una ila moja: ni wa unyuzi mmoja mgumu. Kwa njia ya darini, ambapo haugusiki tena, ni mzuri sana. Usiulehemu moja kwa moja kwenye mkanda. Kila utakapotikisika utang'oa kidoti cha shaba, na kidoti kikishang'oka hakirudi. Mwishoni weka mkia wa waya laini wenye urefu wa kiganja, kisha waya mgumu na laini uzikutanishe ndani ya domino, kile kipande cheupe cha skrubu. Domino ikazwe, na baada ya wiki ikazwe tena.

Kuhusu viungio vya plastiki vya kubana, vile vinavyokuja na mkanda na kufunguka kama mdomo wa mamba, nitasema kwa ufupi: huko si kwake. Mguso wake ni vichuma viwili vyembamba vinavyoegemea shaba kwa nguvu ya plastiki. Katika hewa ya msitu wa Maniema, yenye unyevu karibu mwaka mzima, shaba inaota ukungu wa kijani, plastiki inalegea, mguso unapata ukinzani. Ukinzani wa omu 0.1 hauonekani kuwa kitu. Lakini ampea 6 zikipita hapo, volti 0.6 zinapotea na wati 3.6 za joto zinazaliwa mahali padogo kuliko punje ya mchele. Joto linalegeza plastiki zaidi, mguso unazidi kuwa mbaya, na siku moja mwenye nyumba anasikia harufu. Kusokota nyaya na kubandika utepe mweusi kunaishia kwenye ajali hiyohiyo, tofauti ni kwamba kunachukua muda mrefu kidogo.

Kinachobaki ni etain. Fundi asiye na umeme wa pasi ya kulehemu hupasha chuma chake kwenye makaa, na kwa kazi hii kinatosha kabisa, kwa sababu risasi ya kawaida, mchanganyiko wa bati asilimia 63 na risasi 37, huyeyuka kwa nyuzi 183 tu. Isiyo na risasi, ambayo viwanda vya Ulaya vililazimishwa kuihamia mwaka 2006, hutaka zaidi ya nyuzi 215, na chuma cha makaa kinaanza kusumbua. Siri ya kazi ni kupaka bati kwanza pande zote mbili kabla ya kuzikutanisha. Ncha ya waya ipakwe mpaka nyuzi zake zing'ae kama kitu kimoja. Kidoti cha mkanda kikwaruzwe taratibu, kipewe tone dogo. Kisha waya ulazwe juu ya kidoti, chuma kiguse sekunde mbili, kiondolewe, na mkono usitikisike mpaka tone ligande. Likiganda likiwa linang'aa, limeshika. Likiwa la kijivu na chembechembe kama uji uliopoa, rudia. Ukishikilia chuma sekunde kumi, utachoma plastiki na kidoti kitainuka, basi ukate hadi alama inayofuata na kupoteza taa tatu. Juu ya kiungio weka kitu kinachobana: mrija wa plastiki unaojikunja kwa joto kama upo, la sivyo kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli kikafungwa kwa uzi. Mkia wa waya ukazwe ukutani sentimita chache kabla ya mkanda, ili uzito wake usininginie kwenye lehemu.

Fyuzi nayo. Betri ya gari ikipigwa shoti hutoa mamia ya ampea, na waya wa 1.5 uliopita juu ya dari ya mbao au makuti unageuka kuwa kuni ya kuwashia. Fyuzi ikae kwenye waya wa chanya, karibu na kichwa cha betri kadiri inavyowezekana. Ikikaa karibu na mkanda, waya wote wa darini unabaki bila ulinzi. Kazi yake ni kuulinda waya, hivyo ukubwa wake unafuata waya: kwa 0.75 weka ya ampea 5, kwa 1.5 ile ya 10 ya pikipiki inatosha. Kuifunga kwa karatasi ya sigara inapokatika ni kuirudisha nyumba kwenye hatari ileile.

Mikanda ya rangi yenye waya nne inachanganya wengi bila sababu. Chanya ni moja ya pamoja, hasi ni tatu, moja kwa kila rangi. Rangi zote zikiwaka, ile chanya inabeba mkondo wa zote tatu, kwa hiyo ndiyo ya kunenepesha.

Mkanda wa volti 220 wa kuchomekwa ukutani, ule unaouzwa kwa makumi ya mita ndani ya ganda la plastiki, nauweka kando. Haujali umbali, ni kweli, na kwa mwenye baa unarahisisha maisha. Ila kila alama yake ya kukatia ni mdomo wa volti 220, kifuniko cha mwisho kikitoka mvua inaingia, na mtoto anaweza kuufikia. Kwa nyumba ya watu nisingeufunga.

Mambo mapya yanakuja na betri za lithiamu zinazoanza kuchukua nafasi ya zile za risasi. Hizo hukaa kwenye volti 13.2 hivi karibu usiku wote kisha huanguka ghafla. Mkanda unapewa zaidi ya haki yake saa zote, kama mara moja na nusu ya mkondo. Hapo upotevu wa nusu volti kwenye waya unageuka kuwa hisani, na yule fundi aliyeweka waya wa 1.5 pale nilipopendekeza 2.5 anaweza kunicheka. Bado nisingeacha waya uwe mwembamba kwa ajili hiyo. Bora kuunyoosha umeme kwa kifaa chake.

Kazi ikishakamilika, ipime usiku, mkanda ukiwa umewaka saa nzima. Mita iguse vidoti vya mwisho kabisa vya mkanda, si vya mwanzo. Ikisoma 11 na zaidi, lala. Kama huna mita, pita na kidole juu ya kila kiungio, kuanzia betrini, dominoni, hadi mkandani. Waya mzuri ni wa baridi na lehemu nzuri ni ya baridi. Kidole kikikuta mahali pamoja pana uvuguvugu, zima, fungua hapo.